AirDrop, Quick Share na Wi-Fi Calling ndani ya nyumba ya mawe Lamu: uzoefu wangu

Ukuta wa nyumba ya kale ya Lamu, wa mawe ya matumbawe na chokaa, hufikia unene wa karibu nusu mita. Simu mbili zilizo chumba kimoja huonana papo hapo. Weka ukuta mmoja wa namna hiyo kati yao, na moja inakuwa kama iko kisiwa cha pili, Manda. Ndiyo maana sifa za kwenye boksi hazinitoshi. Zile mita 9 za AirDrop, huduma ya Apple ya kurusha faili, ni mita 9 za uwazi. Huku kwetu zihesabu kuwa ni chumba kimoja, basi.

Ninazotumia ni Samsung moja, Android nyingine ya bei nafuu, iPhone, iPad isiyo na laini na tableti ya Samsung ya Wi-Fi pekee. Hakuna programu ya kununua katika haya nitakayoyaeleza. Karibu yote yamo ndani ya simu tangu dukani, na wengi hawajawahi kuyagusa.

Kurusha bila bando

Mtu akishaambiwa "nirushie kwa Quick Share", swali la kwanza ni kama inakula bando. Haili. Quick Share ya Android na AirDrop ya Apple hutumia njia moja: Bluetooth hutafuta simu iliyo jirani, kisha simu hizo mbili hufungua Wi-Fi yao wenyewe kwa wenyewe, bila ruta wala intaneti. Hata kwenye boti ya Mokowe, laini ikiwa haina hata senti, faili linapita.

Ukilinganisha na Bluetooth tupu tuliyoizoea, tofauti ni ya punda na boti ya injini. Bluetooth hubeba kama robo ya MB kwa sekunde. Picha moja ya MB 4 ni sekunde 16 hivi, na video ya MB 100 inakaribia dakika 7. Kwa Quick Share, simu zikiwa mkono kwa mkono na zote zina Wi-Fi ya 5 GHz, video hiyo ni ya sekunde chache. Kwa hiyo ukiona MB 100 zimefika dakika ya tatu na mstari bado unatambaa, ujue Wi-Fi ya simu kwa simu haikufunguka na kazi imebaki kwenye Bluetooth. Usisubiri. Katisha, zima Wi-Fi kwenye simu zote mbili, iwashe tena, rusha upya.

Jina linachanganya watu kidogo. Google walianza na Nearby Share mwaka 2020, Samsung nao walikuwa na Quick Share yao, na Januari 2024 zikaunganishwa zikabaki Quick Share. Simu ambayo haijasasishwa huenda bado ikaonyesha jina la zamani. Inafanya kazi kuanzia Android 6, kwa hiyo hata ile simu ya mzee iliyopasuka kioo ina nafasi.

Anayepokea ndiye wa kuanza. Ashushe menyu ya juu kwa vidole viwili, abonyeze Quick Share, achague nani amwone: vifaa vyake mwenyewe, wawasiliani, au kila mtu kwa dakika 10. Skrini yake ibaki inawaka. Anayetuma afungue picha, abonyeze alama ya kushiriki, achague Quick Share, asubiri jina litokee, aliguse. Mpokeaji akubali. Faili utalikuta kwenye Downloads. Kwenye Samsung huwa ndani ya folda ya Quick Share.

Jina lisipotokea, sababu ni chache na zinajirudia. Mpangilio wa wawasiliani ndio unaowakwaza wengi: lazima nyote muwe mmehifadhiana, kwa namba au barua pepe iliyofungwa kwenye akaunti ya Google. Kumhifadhi fundi kama "Fundi Fremu" kwa namba yake ya pili hakusaidii kitu. Kwa mtu usiyemjua vizuri, tumia kila mtu kwa dakika 10 na umalize. Sababu ya pili ni mahali, yaani GPS, kuzimwa. Android nyingi huhitaji iwe imewashwa ndipo itafute vifaa vya jirani. Ya tatu ni kiokoa betri. Ya nne ni hotspoti: simu inayogawa intaneti tayari imeishughulisha Wi-Fi yake.

Jihadhari pia na kitufe cha kutengeneza kiungo ndani ya Quick Share ya Samsung. Kiko karibu sana na majina ya vifaa, lakini kazi yake ni nyingine. Hicho hupandisha faili kwenye seva kwanza, na mpokeaji hulishusha kutoka huko. Bando linaliwa pande zote mbili.

AirDrop, na kasoro zake

AirDrop ilifika kwenye iPhone mwaka 2013, na kwa kasi na utulivu bado naipa alama ya juu kuliko zote. Ikishaonana haikatiki ovyo. Tatizo ni kuonana. Tangu mwisho wa mwaka 2022, chaguo la kila mtu hudumu dakika 10 tu, kisha simu hurudi yenyewe kwenye wawasiliani pekee. Watu hudhani AirDrop imeharibika, kumbe dakika zimeisha wakiwa bado wanachagua picha. Chagua picha kwanza, ndipo umwambie mwenzako afungue.

Wawasiliani pekee nako kuna sharti: nyote muwe mmeingia kwenye iCloud, na barua pepe au namba ya Apple ya kila mmoja iwe kwenye orodha ya mwenzake. Na hotspoti ya iPhone izimwe. Hilo huwapata sana wageni wanaofika Shela, kwa sababu simu huwa inagawia iPad intaneti mchana kutwa bila mwenyewe kukumbuka.

Kabla ya kurusha, gusa neno la chaguo lililo juu ya picha kwenye menyu ya kushiriki. Hapo unaweza kuondoa mahali picha ilipopigwa. Picha ya mlango wako wa kuchonga ikitoka na nukta ya ramani, umemwachia mtu njia hadi kizingitini. Hapo hapo pia unaweza kuamua data yote ya picha iende au isiende, pamoja na marekebisho uliyofanya.

Kugusanisha vichwa vya iPhone mbili ili kubadilishana namba, kulikoanza na iOS 17 mwaka 2023, ni kuzuri kwa kuonyeshana. Mimi nimekuzima.

Mmoja ana iPhone, mwingine ana Android

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa sababu Lamu mgeni mara nyingi ana iPhone na nahodha ana Android. Mashindano ya mashua yakiisha, picha nzuri ziko kwa mmoja na wanaozitaka wako upande wa pili. Bluetooth haisaidii, maana iPhone haitumi wala haipokei faili kwa Bluetooth ya kawaida, hata mkipeana kodi za kuunganisha na simu zikakubaliana.

Novemba 2025 Google ilitangaza kuwa Quick Share inaweza kurushiana na AirDrop, kwa kuanzia na simu yake ya Pixel 10. Upande wa iPhone lazima uwe kwenye kila mtu kwa dakika 10. Kwa simu ambazo hazina uwezo huo kuna njia tatu, na naziweka kwa mpangilio ninaoupenda.

Ya kwanza ni programu ya LocalSend. Ni ya bure, na haiji na simu, kwa hiyo mtaishusha kabla, mkiwa na intaneti. Washa hotspoti kwenye Android, zima data ya laini, iPhone ijiunge, fungueni programu pande zote. Picha hupita ndani ya hotspoti bila kugusa bando. iPhone itaomba ruhusa ya mtandao wa ndani mara ya kwanza. Ukikataa kwa haraka, haitaona kifaa chochote na utalaumu programu bure.

Ya pili ni flashi yenye ncha ya USB-C, kwa iPhone 15 na kuendelea. Iwe imeandaliwa kwa muundo wa exFAT. FAT32 nayo inasomeka, ila hukataa faili moja linalopita GB 4, na video ndefu ya 4K hufika hapo upesi.

Ya tatu ni WhatsApp, na tuseme ukweli ndiyo inayotumika zaidi. Ukituma kama picha inabanwa, na anayetaka kuichapisha ataona ukungu. Itume kama hati, ambayo hubeba hadi GB 2, ila bando ni lako na lake.

Picha ikifika na isifunguke kwenye Android ya zamani, angalia mwisho wa jina lake. Ikiwa ni HEIC, tatizo si kurusha. iPhone hupiga kwa muundo huo tangu 2017. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya miundo, uchague ule unaokubalika zaidi. Picha zijazo zitakuwa JPEG. Zilizokwisha kupigwa hazibadiliki.

Kupiga simu kupitia Wi-Fi

Katika huduma zote hizi, Wi-Fi Calling ndiyo iliyobadilisha matumizi yangu ya ndani ya nyumba. Chumba cha ndani kabisa cha nyumba ya mawe hakipati mnara: kuta tatu nene, dari ya boriti na chokaa juu yake, na madirisha hayatazami nje. Wi-Fi Calling huchukua simu ya kawaida, kwa namba yako ile ile na ya unayempigia, ikaipitisha kwenye ruta. Anayepokea hahitaji programu yoyote. Si sawa na WhatsApp.

Kwenye iPhone iko ndani ya mipangilio ya data ya simu. Kwenye Samsung iko chini ya miunganisho, au kwenye mipangilio ya programu ya kupigia. Isipoonekana, ama mtandao wako haujaifungua kwa aina hiyo ya simu, ama simu iliundwa kwa soko la nchi nyingine na programu yake haiitambui laini ya hapa. Hakuna ujanja wa kuilazimisha.

Kuijaribu ni rahisi. Weka simu katika hali ya ndegeni, washa Wi-Fi peke yake, piga namba ya kawaida. Ikiita, inafanya kazi. Gharama kwa kawaida hukatwa kama simu nyingine yoyote, na kwenye Wi-Fi hutumia takriban MB 1 kwa dakika.

Ruta iweke wapi? Usiiweke chumba cha ndani. Iweke kwenye kiwanda, ule uwazi wa katikati ya nyumba, juu kidogo na mahali mvua haifiki. Milango ya vyumba huelekea huko, kwa hiyo mawimbi hupitia milangoni badala ya kupigana na mawe. Tumia 2.4 GHz kwa simu. 5 GHz ina kasi, lakini hufa ukutani. Ukigawa intaneti kutoka iPhone 12 au mpya zaidi, washa chaguo la kuongeza upatanifu kwenye hotspoti. Hilo ndilo linaloishusha hadi 2.4 GHz.

Kasoro yake kubwa iko mlangoni. Ukianza kuongea ndani kisha ukatoka hadi daka, kibaraza cha mlangoni, na kuingia kichochoroni, simu inapaswa kuhama kutoka Wi-Fi kwenda mnara. Huhama vizuri tu ikiwa 4G inashika hapo na laini yako ina uwezo wa kupiga kwa 4G. Ikikuta 2G au 3G, inakatika. Umeme ukipotea nayo hali ni hiyo hiyo. Ruta nyingi hutumia volti 12, na kibetri kidogo cha ruta huzishikilia.

FaceTime, simu ya video ya Apple, nimeiweka nyuma kwa sababu ya majirani wenye Android. Tangu 2021 unaweza kumtumia mwenye Android kiungo akaingia kwa Chrome au Edge, lakini yeye hawezi kuanzisha, na lazima umkubalie kwa kugusa alama ya tiki. Wengine hukaa wakingoja dakika tano huku mwenyeji hajui kuna mtu mlangoni. Video ya mtu na mtu hula MB kadhaa kwa dakika, na ikipanda ubora hula zaidi. Kitu kimoja cha Apple nakisifu bila kusita: kutenga sauti. Wakati wa simu, fungua kituo cha vidhibiti, gusa maikrofoni, chagua kutenga sauti. Kwenye gati, kaskazi ikivuma na injini za boti zikinguruma, unayeongea naye husikia wewe zaidi ya injini. Kwa simu za kawaida za laini ilianza na iOS 16.4.

Tableti isiyo na laini

iPad ya Wi-Fi pekee haipigi namba ya kawaida yenyewe. Huazima kwa iPhone, mradi zote ziko kwenye akaunti moja ya Apple na Wi-Fi moja. Tableti ya Samsung hufanya vivyo hivyo na simu ya Samsung, kwa akaunti moja ya Samsung. Ni msaada pale simu imeachwa darini panaposhika mnara na wewe uko chini na tableti: simu inabaki kwenye mawimbi, unaongea huku chini. Ubaya ni kwamba vyote hulia kwa pamoja. Kwenye iPhone, ndani ya mipangilio ya simu, sehemu ya simu kwenye vifaa vingine, kuna orodha ya vifaa. Zima ile ya chumba wanamolala watoto.