Hatimkato ya Pitman kwa anayeandika Kiingereza: tathmini

Kati ya mifumo ya hatimkato ya Kiingereza, yaani maandishi ya alama fupi ya kunasa maneno kwa kasi ya msemaji, ambayo mtu anaweza kujifunza leo, ule wa Isaac Pitman, uliochapishwa Uingereza mwaka 1837, ndio ninaoupa daraja la juu, ingawa humtoa mwanafunzi jasho jingi. Hatimkato ilikuwapo kabla yake. Mwingereza Samuel Pepys aliandika shajara yake ya karne ya 17 kwa mfumo wa Thomas Shelton. Pitman aliiacha kando tahajia ya Kiingereza, isiyotabirika, akafuata sauti zinazotamkwa.

Mpangilio wake unapendeza mno. P na B huandikwa kwa mstari wa mwinamo uleule, ya kwanza ikiwa nyembamba na ya pili nene. Ndivyo zilivyo T na D, vilevile K na G, kwa hiyo mwenye sikio zuri huzishika alama hizo haraka. Mstari ukikatwa nusu, mara nyingi umeongezewa T au D. Irabu ni nukta na vistari vya pembeni, ambavyo mwandishi mzoefu huviacha karibu vyote, kwa kuwa neno likielea juu ya mstari wa daftari, likiukalia au likiukata, hapohapo linadokeza irabu yake ya kwanza.

Kasoro kubwa ni kalamu. Bolpeni haionyeshi vizuri tofauti ya unene, hivyo ni lazima penseli au kalamu ya nibu laini. Asiyetaka usumbufu huo atafaidika na mfumo wa Gregg ya mwaka 1888, inayotenganisha sauti kwa urefu wa mstari, au Teeline ya James Hill, aliyekuwa mwalimu wa Pitman. Teeline, ambayo wanafunzi wengi wa uandishi wa habari Uingereza hutahiniwa kwayo hadi maneno 100 kwa dakika, hujifunzwa upesi zaidi, lakini katika kasi ya juu naiamini Pitman: mwaka 1922 Nathan Behrin aliandika maneno 350 kwa dakika katika jaribio la dakika mbili.

Manufaa yake hayajaisha. Mahakama za Uingereza haziruhusu kurekodi sauti bila kibali, na mwandishi wa habari mwenye daftari huipata nukuu anayoitaka papo hapo, bila kusikiliza kikao kizima upya. Tanzania nayo, matangazo ya ajira za makatibu mahsusi serikalini yamekuwa yakidai hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza. Anayelenga nafasi hizo aanze na Pitman, na ayasome maandishi yake siku ileile, kabla kumbukumbu ya kilichosemwa haijapoa.