Syncthing na hati za pamoja: mgongano unaouona si ndio wa kuogopa

Syncthing ni programu huria ya bure inayosawazisha folda kutoka kompyuta hadi kompyuta, bila seva ya kampuni katikati. Kwa timu ndogo inafanya kazi kimya kimya hadi siku watu wawili waguse faili moja. Hapo ndipo pa kuipima.

Kwanza ieleweke kwamba haiunganishi maandishi. Haijui aya wala seli, inajua faili tu. Wawili wakibadilisha mkataba.docx kabla vifaa vyao havijawasiliana, matoleo yote mawili yanabaki. Lililohifadhiwa karibuni linashika jina la asili, na la zamani linapewa jina kama hili:

mkataba.sync-conflict-20250312-091455-K4RTX2M.docx

Saa iliyo kwenye jina ni ya pale mgongano ulipogunduliwa, si ya pale mtu alipoandika, kwa hiyo msiitumie kuamua nani alitangulia. Herufi 7 za mwisho ni mwanzo wa kitambulisho cha kifaa. Nakala hiyo husambaa kwa wote kama faili nyingine yoyote, jambo ambalo ni zuri: haifichiki kwenye kompyuta ya mtu mmoja.

Kwamba mgongano upo, Syncthing hulijua kwa kumbukumbu ya matoleo inayoweka kwa kila kifaa. Saa ya kompyuta hutumika tu kumchagua mshindi. Laptopu yenye saa iliyotangulia siku moja itashinda kila mara, hata kama toleo lake ni bovu. Washeni urekebishaji wa saa kupitia mtandao kwenye kila mashine kabla ya kulaumu programu.

Hatari kubwa iko pale ambapo hakuna nakala ya mgongano inayotokea. Tuseme katibu amefungua bajeti saa 3 asubuhi kwenye kompyuta ya Linux. Saa 3 na robo mhasibu anahifadhi mabadiliko yake, na Syncthing inaliingiza toleo jipya kwenye diski ya katibu huku dirisha lake likiendelea kuonyesha tarakimu za zamani. Katibu anapohifadhi, LibreOffice, programu ya ofisi anayoitumia, inamwonya kwamba faili imebadilika tangu ifunguliwe. Akibonyeza kukubali kwa haraka (na wengi hubonyeza), kazi ya mhasibu imefunikwa. Syncthing haioni kosa lolote, kwa kuwa kwa hesabu zake toleo la katibu limefuata la mhasibu kwa utaratibu halali.

Kwenye Windows mambo huenda tofauti. Word na Excel huishikilia faili iliyo wazi, Syncthing inashindwa kuibadilisha, inaonyesha kosa na kujaribu tena baadaye. Katibu akihifadhi, matoleo mawili yanakuwa yamechipuka kutoka shina moja, na nakala ya mgongano inatokea. Ukaidi wa Windows, unaoudhi kwingineko, hapa unaokoa kazi.

Dawa ya kufunikwa ni kuwasha utunzaji wa matoleo, ambao mwanzoni umezimwa. Huwekwa kwa kila folda kwenye kila kifaa, hausambai wenyewe. Tena hutunza tu faili zinazobadilishwa au kufutwa na mabadiliko kutoka vifaa vingine. Unachokifunika mwenyewe hautakirudisha kwako. Kwa hiyo toleo la mhasibu litapatikana kwenye folda ya .stversions (inamowekwa matoleo ya zamani) ya mhasibu, wala si kwa katibu. Ukiwasha kwa mmoja tu umefanya nusu ya kazi. Aina rahisi ya utunzaji huo hutunza matoleo 5 ya kila faili. Ile ya ngazi hupunguza matoleo kadiri yanavyozeeka, hadi siku 365, na kwa hati za ofisini ndiyo ya kuchagua.

Nakala ya mgongano ikitokea, mpeni mtu mmoja kazi ya kusuluhisha na wengine wafunge faili. Afungue ile yenye jina la asili, atumie kipengele cha kulinganisha hati kilichomo kwenye Word au LibreOffice dhidi ya ile ya mgongano, apokee au akatae badiliko moja moja, ahifadhi, kisha aifute ya mgongano. Kufuta huko kutawafikia wote. Kwa majedwali ya hesabu kazi hii inachosha, maana mstari mmoja ukiongezwa juu unaweza kufanya kila kilicho chini kionekane kimebadilika.

Msiziache zirundikane. Kikomo cha kawaida ni nakala 10 za mgongano kwa faili moja, na zikizidi, za zamani hufutwa. Mpangilio wenyewe unaitwa maxConflicts: -1 huondoa kikomo, 0 huzima nakala hizo kabisa. Hiyo 0 msiiguse.

Migongano mingi husababishwa na laptopu zilizolala. Vifaa viwili visipokuwa hewani kwa wakati mmoja, havipeani kitu. Kompyuta moja inayowaka muda wote, hata ya zamani, hupunguza tatizo hili sana. Wanaohitaji kuandika ukurasa mmoja kwa dakika ileile, hata hivyo, waende kwenye Google Docs au Collabora. Syncthing haikuundwa kwa hilo.

Kwa wanaotumia LibreOffice kuna kinga moja ndogo. Hati inapofunguliwa, hutengenezwa faili iliyofichwa inayoanza na .~lock na kuishia na alama ya #. Msipoiweka kwenye .stignore (orodha ya faili ambazo Syncthing inaziruka), nayo husawazishwa, na mwenzako akifungua hati anaambiwa iko mikononi mwa nani. Kila mtu ajaze jina lake kwenye mipangilio ya LibreOffice, vinginevyo onyo halitamtaja. Kuna mwanya: Syncthing husubiri sekunde 10 hivi kabla ya kutuma badiliko, na ndani ya muda huo wawili wanaweza kuingia pamoja. Na umeme ukikatika, faili hiyo ya kufuli hubaki imeganda. Ulizeni kwanza kama mwenyewe kweli ametoka, ndipo muifute kwa mkono.