Massachusetts: rudishiwa fedha au kopa bila riba?

Mwenye nyumba Lowell au Worcester, miji ya jimbo hilo la Marekani, anayetaka kuachana na mafuta ya kupashia nyumba joto ana milango miwili kupitia Mass Save, mpango wa kuokoa nishati unaogharamiwa na makato kwenye bili za wateja wote. Kwa hiyo hela hizo si sadaka. Umekuwa ukizichangia kila mwezi.

Marejesho, yaani fedha unazorudishiwa ukifunga pampu ya joto (mtambo wa umeme wa kupasha nyumba joto), ni yako moja kwa moja, huyalipi tena. Tatizo ni mtaji: mara nyingi unamlipa fundi kwanza, unajaza fomu, halafu unasubiri hundi. Kazi ya kuziba mianya na kujaza dari vitu vya kuzuia joto lisitoroke ni nafuu zaidi, kwani punguzo la asilimia 75 au zaidi hukatwa papo hapo.

Mlango wa pili, mkopo wa mpango huo uitwao HEAT, hauna riba, na umekuwa ukifika dola 25,000 kwa miaka 7. Gawanya: karibu dola 298 kwa mwezi. Benki itakukagua kwanza, lakini.

Mimi ningeanza na dari, nichukue marejesho, kisha nikope kilichopungua tu. Mpango unaruhusu vyote viwili.