Chumvi au pamanganeti kwa koi mwenye vidonda?

Koi, samaki wa mapambo, akianza kujisugua kwenye kuta za bwawa na ngozi yake ikitanda ute mweupe, mimi huanza na chumvi isiyo na madini joto: kilo 3 kwa lita 1,000, ikiongezwa kidogo kidogo. Inampunguzia samaki kazi ya kutoa maji yanayopenya kupitia vidonda. Mimea ya bwawani, hata hivyo, huenda ikadhurika.

Pamanganeti ya potasiamu ni kemikali inayoua vimelea wengi wa nje, lakini kipimo chake ni gramu 2 tu kwa kiasi hichohicho cha maji. Ukizidisha, unaunguza matamvua, na bakteria wazuri wa kichujio nao huathirika. Tafadhali usiiguse kabla hujajua ujazo halisi wa bwawa, na pampu ya hewa isizimwe.