Nililipa dola 79 niandikiwe barua ya kumbembeleza mwenye nyumba atuuzie, nyota 2 kati ya 5

Naandika hii kwa sababu kuna wenzangu watatu hapa Portland, jimbo la Oregon, wako kwenye kutafuta nyumba ya kununua na wote wananiuliza ile huduma ya barua niliyotumia ilikuwaje. Jibu fupi, bakini na hela yenu. Jibu refu ndo hili hapa chini, vuteni kiti.

Kwa msiojua, huku Marekani ukitaka nyumba dalali wako anapeleka ofa kwa dalali wa muuzaji, na soko likichachamaa mnajikuta watu kumi na tano mnagombea nyumba moja na bei zenu zinakaribiana. Ndo watu wakazoea kuambatanisha barua, wenyewe wanaiita barua ya mapenzi, unamwandikia mwenye nyumba we ni nani, umeipendea nini nyumba yake, na picha ya familia unaweka, na mbwa kama unaye. Mi niliposikia nikasema hiki nakiweza, maana kwetu Tanga mzee hakuuzii nyumba yake bila kujua we mtoto wa nani, mnakaa barazani mnakunywa kahawa mpaka jua linageuka ndo bei inatajwa. Shida ni kwamba kingereza changu ni cha kazini, cha kuandika ripoti za zamu, sio cha kumlainisha mtu. Nikaangukia hiyo huduma mtandaoni, jina silitaji.

Dola 79. Unajaza fomu ya maswali kama 12, unachagua barua iwe ya namna gani (nikachagua "ya moyoni"), halafu wanakuletea kwenye imeili. Niwape haki yao, waliahidi masaa 24 ikaja ndani ya sita, kingereza kimenyooka, ukurasa umepangwa vizuri na nafasi ya picha juu upande wa kulia. Nyota zote mbili zimetoka hapo.

Sasa ingia ndani usome. Aya ya pili, eti tangu tulipokanyaga sebuleni kwako tulishawaona watoto wetu wakishuka ngazi asubuhi ya Krismasi kufungua zawadi. Nyie! Sisi Waislamu, na kwenye fomu kulikuwa na swali la sikukuu mnazosherehekea nikajaza Idi kwa herufi kubwa. Halafu nyumba yenyewe haina ngazi, ni ya chini tu, hata jikoni unaingia sawa na sakafu. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nikawaandikia kulalamika, wakakaa siku mbili, wakarudisha barua wametoa Krismasi wameweka Idi, ngazi ziko palepale. Kwa hiyo watoto wangu sasa wanashuka ngazi zisizokuwepo asubuhi ya Idi. Kumbe ni barua moja wanabadilisha majina tu, najua kuna familia nyingine mahali imeandikiwa ngazi hizohizo.

Kabla sijamaliza kukasirika dalali wetu, mama mmoja mtulivu sana, akaisoma akasema hii siipeleki popote. Nikadhani ni kwa sababu ya ngazi, akasema hapana, ni kwa sababu ya hayo mengine yote. Kuna sheria ya makazi ya 1968 inamkataza muuzaji kuchagua mnunuzi kwa rangi, dini au asili yake, baadaye wakaongeza jinsia, na 1988 wakaongeza ulemavu na habari ya kuwa na watoto. Sasa barua yangu ya ukurasa mmoja imetaja dini, imetaja watoto, imetaja nchi niliyotoka, na picha pale juu ikamalizia rangi. Muuzaji akinikataa baada ya kuisoma anaweza kushtakiwa, akinikubali yule aliyekosa naye ana la kusema, ndo maana madalali wengi hawataki hata kuzigusa. Mi hapo nilinyamaza kidogo, maana kichwani nilikuwa nimewaza upande mmoja tu, kwamba mtu ataona picha yetu atatupenda. Yule ambaye ataiona asitupende sikuwa nimemfikiria kabisa, na yule hatakwambia, utaambiwa tu samahani kuna ofa nzuri zaidi.

Na hapa ni Oregon jamani, jimbo ambalo katiba yake ya 1857 iliwakataza watu weusi kuhamia, kifungu hicho kimekuja kufutwa 1926. Ndo hukohuko wakawa jimbo la kwanza kupiga marufuku barua hizi, sheria ilipita 2021 (mbunge aliyeileta naye alikuwa dalali wa nyumba, anaujua mchezo), ikaanza Januari 2022, dalali wa muuzaji akiletewa barua au picha alitakiwa azikatae. Machi ya mwaka huohuo jaji wa shirikisho akaisimamisha, akasema inabana uhuru wa kusema. Sisi tulikuwa tunatafuta Aprili, kwa hiyo barua ilikuwa ruksa kisheria, ila nyumba kadhaa tulizoenda kuona tangazo lilisema wazi msituletee barua. Na hao wenye huduma wanajua naishi Oregon, nimejaza kwenye fomu, hawajaandika hata mstari mmoja wa kunionya. Nilidai hela yangu, wakanipa punguzo la asilimia 20 nikinunua barua nyingine. Ya nini sasa?

Nyumba ya kwanza tulikosa, ya pili tukakosa. Riba za mkopo Januari zilikuwa asilimia 3 na kitu, Mei zimeshapita 5, kila wiki tunayochelewa malipo ya mwezi yanapanda (suala la riba na dini najua mtanifuata inboksi, tuliache kwa leo). Nyumba ya tatu dalali wetu alimpigia mwenzake akauliza kitu kimoja tu, muuzaji ana shida gani zaidi ya bei? Kumbe ni mzee anahamia kwa binti yake na huko mafundi hawajamaliza, hana pa kukaa mwezi mzima. Tukaweka kwenye ofa kwamba baada ya kuuza akae siku 30 bila kutulipa kitu, sisi mkataba wetu wa kupanga ulikuwa bado haujaisha. Tukapewa, na kuna mtu alikuwa ametuzidi dola 4,000.

Siku tunakabidhiwa funguo tukakuta karatasi juu ya kaunta ya jikoni, mwandiko wa mzee unatetemeka, hakuna mambo ya moyoni hata kidogo. Koki kubwa ya maji iko nyuma ya tangi la maji moto, izungushe pole pole. Mlango wa gereji unagoma baridi ikizidi, uupige goti chini kulia. Jirani wa kushoto ana ngazi ndefu, anaazimisha.

Novemba mlango ukagoma. Nikaupiga goti, ukafunguka. Nikamwandikia mzee mwenyewe, mistari minne, kingereza changu kilekile cha ripoti za zamu, mlango umefunguka, koki haivuji, ngazi ya jirani tumeiazima tumerudisha.