FreeRTOS kwenye Blue Pill: mfumo safi, chipu ya kuchakachua

Kama una haraka soma hapa tu: FreeRTOS (mfumo mdogo wa kugawia kazi nyingi muda wa prosesa) chukua, Blue Pill (bodi ndogo ya chipu ya STM32) ya bei ya kutupa achana nayo. Kama huna haraka, ngoja nikueleze kwa nini bado nimevimba.

Nilikuwa natengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga. Kupima joto, kuwasha hita, kugeuza trei, kuandika kwenye kioo. Ukivipanga vyote kwenye lupu moja, kimoja baada ya kingine, sensa ikikawia kujibu hita inabaki imewaka na mayai yanaiva. Kwenye FreeRTOS kila taski (kazi moja ya programu) ina kipaumbele chake, na ile nyeti ikiamka inawapokonya wengine prosesa papo hapo. Halafu ni bure kweli: Amazon ilipoichukua mwaka 2017 iliiweka chini ya leseni ya MIT, kwa hiyo hata ukiuza mashine zako hudaiwi kitu.

Bodi nikanunua Kariakoo. Muuzaji akaapa chipu yake ni STM32 orijino. Nikachomeka ST-Link (kifaa cha kuunganisha bodi na laptop), nikawasha OpenOCD (programu ya kuongea na chipu), ikagoma: ilitegemea kukuta namba ya utambulisho 0x1ba01477, imekuta 0x2ba01477. Namba hiyo ya pili mafundi wanaijua, ni ya chipu za kuiga zinazouzwa kwa jina la STM32.

Nikarudi dukani.

"Kaka, hii chipu si yenyewe."

Jamaa hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Dogo, hiyo ni programu yako. Wenzio wanabeba hapa kila siku, mbona hawalalamiki?"

Nikafungua laptop nimwonyeshe. Akanioneshea kidole ukutani: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. Kisha, kwa sauti, mbele ya wateja: "Fundi gani wewe hujui hata kuflashi?"

Fundi gani! Pesa nilishaisahau, hilo neno bado.

Nikaenda nyumbani nikaiandika ile namba ya bandia kwenye mipangilio ya OpenOCD, ikakubali. Baada ya hapo FreeRTOS haikunisumbua sana. Usisahau tu kuunganisha SVC, PendSV na SysTick (miito ya chipu ambayo FreeRTOS inaitegemea kubadilisha taski) na fanksheni zake ndani ya faili la mipangilio, FreeRTOSConfig.h, maana usipofanya hivyo skejula (kipanga zamu cha taski) inaanza na bodi inaganda kimya, bila kosa hata moja. Na ukubwa wa steki (kumbukumbu ya kila taski) hapa unahesabiwa kwa maneno ya baiti 4: ukiandika 128 umekata baiti 512, kwenye RAM ya KB 20. Washa configASSERT (ukaguzi wa makosa wa FreeRTOS) mapema, itakuonyesha kipaumbele cha interapti (mwito unaoikatiza prosesa) ulichokosea. Kwenye Cortex-M, aina ya prosesa iliyomo humu, namba ndogo ndiyo kipaumbele kikubwa, sijui nani alifikiria hivyo.

Sasa kinachoniudhi zaidi: chipu feki inafanya kazi! Taski zote zinakwenda, joto limetulia. Basi nafuta niliyosema juu, Blue Pill nunua, kwa kujifunzia inatosha.

Hapana, subiri. Kitu kilichodanganya jina lake, kesho kitadanganya nini? Mimi mayai ya mteja siyaweki humo. FreeRTOS nyota tano, bodi nyota mbili. Tatu, siku nikiwa nimetulia. Lile duka sifuri.

Ukienda kununua, beba laptop na ST-Link, pima pale pale kaunta kabla hujatoa hela. Akikukatalia kupima, ondoka.