Mvinyo wa kwenye majivu ya volkano, Lanzarote: hili shimo ndo limenimaliza

Mambo vipi watu wangu, karibuni tena kwenye chaneli, na kama hujafika miaka 18 iruke hii video, zipo nyingine kibao. Leo mezani nina chupa moja tu, mvinyo mweupe mkavu wa zabibu inaitwa Malvasía Volcánica, unatoka Lanzarote, kile kisiwa cha Hispania ambacho kiko Atlantiki, kilomita kama 125 tu kutoka pwani ya Afrika, yaani Moroko ni jirani kabisa, Madrid ndo mbali. Kileo asilimia ngapi, ujazo, mwaka, vyote vipo kwenye lebo, hii hapa nasogeza kwenye kamera, simamisha usome mwenyewe. Mimi leo nataka tuongelee shimo.

Shimo, ndiyo. Sikilizeni. Tarehe 1 Septemba 1730, usiku, kati ya saa 3 na saa 4, padri wa Yaiza, kijiji cha hukohuko kisiwani, aliyeitwa Andrés Lorenzo Curbelo ameandika kwamba ardhi ilipasuka kule karibu na Timanfaya, na hiyo volkano haikutulia mpaka 1736. Miaka 6 jamani! Karibu robo ya kisiwa ikafunikwa, na ilikuwa ile sehemu nzuri ya kulima nafaka. Wapo waliohama. Waliobaki wakagundua kwamba ukichimba zile changarawe nyeusi, wenyewe wanaziita picón, ukifika chini unakuta udongo wa zamani upo vilevile na una unyevu. Basi wakachimba. Shimo moja linaweza kwenda chini mpaka mita 3, ndani mzabibu mmoja au miwili, halafu upande unakotokea upepo wanapanga mawe nusu duara bila saruji, ule ukuta unaitwa zoco. Ukiangalia bonde la La Geria kutoka juu ni bao lile, mashimo na mashimo, kila shimo na kete yake moja ya kijani. Na upepo wa kule sio kama kaskazi yetu inayokuja na msimu wake ikaondoka, kule unapiga karibu mwaka mzima.

Sasa hapa ndo nataka mtulie, msiguse simu. Nina vikopo viwili. Udongo ni uleule, nimechota ndoo moja. Maji nimepima na kikombe kimoja, sawa kwa sawa, jana asubuhi, vikakaa dirishani kwenye jua. Tofauti ni moja tu, hiki cha kulia nimekifunika na changarawe za volkano, unene kama vidole vinne. Na kabla hamjaniuliza, changarawe nimenunua duka la vifaa vya bustani, msiende kubeba Timanfaya, ile ni hifadhi ya taifa.

Tuanze na hiki cha kushoto. Naingiza kidole, mnaona? Juu pameshakuwa ganda, nikisugua linatoka vumbi, narudia, vumbi. Haya, cha kulia. Natoa changarawe taratibu, zenyewe kavu kabisa, zishike hivi, nyepesi, zina vitundu vitundu. Nafika kwenye udongo... angalia rangi! Angalia rangi hiyo! Mweusi, naubonyeza unashikana, kidole kimechafuka. Nasogeza kamera karibu, maana kuna mtu atasema nimeongeza maji. Sijaongeza tone. Changarawe zinazuia jua na upepo visinyonye maji ya chini, na mvua ikinyesha inapenya moja kwa moja haitiririki ikapotea. Kule La Geria wanasema hata umande wa usiku zinaukamata, ila mimi hapa siwezi kuwaonesha umande, ninachowaonesha ni hiki mnachokiona kwa macho yenu. Kisiwa kinapata mvua milimita 150 hivi kwa mwaka. Dodoma tunayoiita kame inapata zaidi ya 500! Na hao watu wamelima zabibu humo karne na karne.

Aisee mimi hiki kitu nakipenda sana, ningeweza kukaa nacho video nzima, ila najua mnataka nimimine, haya tumimine.

Harufu: limau, pichi, halafu kuna kitu cha mawe mawe. Mdomoni ni mkavu, ukali wake uko wazi, na mwishoni kuna kachumvi. Mwanzoni baridi ilikuwa nyingi, imetoka friji sasa hivi, ladha imejificha kidogo. Wenye kupenda mtamu hapa mtakunja sura, kuna ya nusu tamu ya zabibu hiyohiyo, anzieni hapo. Kwa samaki wa kuchoma lakini, huu mkavu, usinibishie.

Bei. Mimi nimelipa euro 15 na kitu, yaani zaidi ya elfu 40 za kwetu, na najua komenti zitajaa. Ila fikirieni, hekta moja ya mashimo inabeba mizabibu kama 300, mashamba ya kawaida Ulaya yanabeba maelfu. Na shimoni hakuna trekta linaloingia, kila kitu mkono, zamani walikuwa na ngamia wa kubeba mizigo na kulimia, siku hizi ngamia wanabeba watalii. Halafu mavuno yanaanza Julai, jua kali la kiangazi, mtu anashuka shimoni anapanda na kreti. Hiyo bei kwangu ni halali kabisa, kinachonikera ni usafiri wa kuileta, hiyo ndo inauma.

Wapinzani wake sasa. Santorini kule Ugiriki nao kisiwa cha volkano, wao wanausokota mzabibu chini unakuwa kikapu, zabibu zinakaa ndani zisipigwe na upepo. Mvinyo wao wa zabibu ya Assyrtiko ni mkali kuliko huu, na umaarufu wanao zaidi. Visiwa vyote viwili vina hii bahati, kale kadudu ka filoksera kalikoteketeza mizabibu ya Ulaya karne ya 19 hakakuwamaliza wao, kwa hiyo mizabibu inasimama kwenye mizizi yake yenyewe, wakati sehemu kubwa ya Ulaya wanapandikiza juu ya mizizi ya Kimarekani. Na kwetu Dodoma? Zabibu ya Makutupora tunavuna mara mbili kwa mwaka, hao wote wanavuna mara moja! Natamani sana wakulima wetu wajaribu kufunika udongo, hata kwa nyasi kavu.

Ngoja ninywe tena... aah. Glasi imepata joto kidogo na sasa imefunguka, pichi imekuja juu. Basi msiinywe ikiwa baridi ya friji, itoeni ikae dakika 15. Hii sasa naipa alama kubwa kuliko nilivyokuwa nataka kuipa nilipoanza kumimina.

Kwa wanaopanga kwenda: chukua barabara ya LZ-30, inapita katikati ya La Geria, viwanda vya mvinyo viko pembeni pembeni, unasimama, unalipia kuonja. El Grifo ni cha mwaka 1775 na kina makumbusho, anzeni pale. Anayeendesha gari asinywe, hilo sibembelezi mtu. Na msishuke kwenye mashimo kupiga selfi, mnabomoa kuta na mnavuruga changarawe za mkulima. Timanfaya wanakuchomea nyama kwa joto la ardhini, ni nzuri, lakini mkiwa na siku moja tu nendeni kwenye mashimo.

Habari za chaneli: wiki ijayo nafungua mvinyo mwekundu wa zabibu ya Listán Negro wa kisiwa hichohicho, laivu, Jumapili saa 2 usiku. Hivi vikopo viwili navirudisha dirishani bila kuongeza maji, tutaviangalia tena siku hiyo. Na kama unajua duka Dar au Nairobi linalouza Malvasía ya Lanzarote, niandikie bei kwenye komenti, nitaibandika juu wote waione.